Addis Ababa kwa Saa za Kwetu

Nje ya nchi zetu zinazosema Kiswahili, iko nchi ambako ukiambiwa "tuonane saa tatu asubuhi" utafika kwa wakati bila kutoa wala kujumlisha sita. Nchi hiyo ni Ethiopia. Jua likichomoza, watu wake huanza kuhesabu saa za mchana, moja, mbili, tatu, vile vile bibi zetu walivyotufundisha. Jua likizama, hesabu inaanza upya. Sababu yake haina ugumu. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua halibadilishi sana muda wa kutoka. Ulaya mambo ni mengine: Desemba jua huchelewa mno, Juni hutoka watu bado wamelala fofofo. Huko huwezi kuliamini jua likuhesabie saa. Sisi tunaweza, na Waethiopia wanaweza.

Nimeanza na saa, wadogo zangu, kwa sababu ndilo somo la kwanza mji ule uliotupa. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2015. Tulikuwa tumetoka kuvua majoho ya mahafali, marafiki tuliosoma pamoja na kulala bweni moja, na nauli tulikuwa tumeichanga kidogo kidogo kila bumu, yaani fedha za kujikimu chuoni, lilipotoka. Mmoja wetu alisomea uhandisi, mmoja historia, mmoja akiolojia, yaani elimu ya mambo ya kale, na mimi nilisomea ualimu. Mama yangu mdogo aliposikia tunakokwenda alishangaa. "Ethiopia? Mnakwenda kufuata nini? Wenzenu wote wanakwenda Dubai!" Shikeni swali hilo, maana nitajibu.

Asubuhi ile, kwenye nyumba ndogo ya wageni mtaa wa Piassa, kijana wa mapokezi alitutangazia kwa Kiingereza kwamba chai ya asubuhi mwisho wake ni saa nne. Mgeni mmoja wa Kizungu akaelewa ni saa nne za kwao, ambazo kwetu ni saa kumi jioni, akarudi kulala kwa raha zake. Sisi tuliangaliana tu, tukaenda mezani. Saa nne ni saa nne. Ukutani palikuwa na kalenda, na hapo ndipo tulipoduwaa: iliandikwa mwaka 2008. Waethiopia wana kalenda yao yenye miezi 13. Kumi na miwili ina siku 30 kila mmoja, na ule wa mwisho una siku 5 tu, au 6 mwaka ukiwa mrefu. Mwaka wao mpya huingia Septemba, na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya hii tuliyoizoea kwa miaka saba au minane. Mwenzetu wa historia aliipiga picha kalenda ile kabla hajagusa chai.

Haya, tukatoka.

Hatukufika mbali tukaanza kuhema. Barabara ilikuwa na mwinuko mdogo tu, lakini sisi, vijana tuliokuwa tunacheza mpira kila Jumamosi, tulisimama kutafuta pumzi. Mhandisi wetu ndiye aliyetueleza. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Dar es Salaam, tulikotoka, iko pwani kabisa. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mwinuko ule kila pumzi unayovuta inakupa kama robo tatu tu ya hewa uliyozoea kuipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda, maana hauna budi kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Ndiyo maana wanariadha wa mbio ndefu hupenda kufanya mazoezi milimani. Abebe Bikila, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu, na akashinda tena Tokyo mwaka 1964, alikuwa mtoto wa nyanda hizi za juu. Basi tukapunguza mwendo. Nawaambia, lile lilikuwa jambo jema, kwa sababu mtu anayekwenda polepole huona.

Nilichokiona mimi ni maandishi. Kila kibao, kila duka, kila basi dogo la bluu na nyeupe lilikuwa na herufi ambazo hatukuweza kusoma hata moja. Fikirini: tumekaa darasani tangu utoto, tumetunukiwa shahada, na hapa hatujui lipi duka la dawa na lipi la viatu. Nilihisi kitu ambacho kila mwalimu anapaswa kukihisi walau mara moja, yaani hali ya mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Karibu na Arat Kilo tulimkuta mama mmoja anauza daftari na kalamu kandokando ya barabara, na mwanawe wa shule ya msingi amekaa pembeni. Kwenye bidhaa zake palikuwa na chati kubwa ya herufi. Nikamwonyesha mtoto chati kwa kidole, naye akaelewa mara moja kwamba mtu mzima huyu hajui kusoma. Akasimama wima akaanza kuimba mstari wa kwanza: ha, hu, hi... Mwili ulinisisimka. Sisi sote tuliimba ba, be, bi, bo, bu chekechea, si ndiyo? Ni njia ile ile, ila wao wameitia ndani ya herufi zenyewe. Kwetu silabi "bu" huandikwa kwa herufi mbili, kwao ni moja. Mtoto alinichorea kwenye ganda la daftari. Herufi ya B ina umbo la mlango: kichwa juu, miguu miwili chini. Ukiutia mguu wa kulia kijistari katikati, inasomeka "bu". Kijistari kikishuka hadi kwenye unyayo, inasomeka "bi". Ukiweka kiduara kwenye unyayo ule ule, ni "be". Herufi za msingi ni 33, kila moja ina sura saba, kwa hiyo mtoto wa pale anajifunza maumbo zaidi ya 200 kabla hajasoma kitabu chake cha kwanza. Maandishi haya hayakuletwa na mkoloni. Ni urithi wa lugha ya kale ya Ge'ez, ambayo hadi leo husikika kwenye ibada za Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia.

Tulinunua ile chati. Mtoto alinisahihisha mara kadhaa kwa uvumilivu mkubwa, na mama yake akatufundisha kusema asante: ameseginalehu. Neno refu, lakini kila tulipolisema siku ile, sura za watu zilifunguka.

Tukapanda hadi Amist Kilo, iliko Makumbusho ya Taifa. Jengo lenyewe si la kutisha kwa ukubwa, na ghorofa ya chini kabisa ndiko aliko mwenyeji wake maarufu, Lucy. Waethiopia humwita Dinknesh. Mifupa yake iligunduliwa tarehe 24 Novemba 1974 mahali paitwapo Hadar, katika eneo la Afar, na mwanasayansi Mmarekani Donald Johanson pamoja na wenzake. Aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Nilitarajia kuona kiumbe mkubwa. Kumbe urefu wake haukuzidi sana mita moja, sawa na mtoto wa chekechea. Iliyowekwa kwenye kioo ni nakala, mifupa halisi imehifadhiwa mahali salama. Hata hivyo ukisimama mbele yake unanyamaza. Mfupa wa paja na wa nyonga unaonyesha kwamba kiumbe huyu alitembea kwa miguu miwili, wima, zamani sana kabla ubongo wa jamii yake haujawa mkubwa.

Mwenzetu wa akiolojia alikuwa ameganda pale. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelisikia darasani: "Jamani, huyu ana ndugu yake nyumbani." Akatueleza. Wanasayansi walipoipa jamii ya Lucy jina la kitaalamu mwaka 1978, walitumia jina la Afar. Lakini mfupa waliouchagua uwe kielelezo rasmi cha jamii nzima, ambao kila mfupa mwingine unalinganishwa nao, haukuwa wa Lucy. Ulikuwa taya lililopatikana Laetoli, kusini mwa Olduvai, Tanzania. Na ni Laetoli hapo hapo ambako timu ya Mary Leakey, mwaka ule ule wa 1978, ilifukua nyayo zilizobaki kwenye majivu ya volkano kwa miaka milioni 3.6. Hadar wana mifupa ya miguu, sisi tuna nyayo zenyewe. Ilibidi twende nchi nyingine ili tuone utajiri ulioko Ngorongoro, ambako wengi wetu hatukuwahi kufika. Hilo liliniuma, na bado linaniuma ninapoona darasa zima linajua majina ya miji ya Ulaya lakini halijasikia Laetoli.

Njaa ilitukumbusha kwamba ni mchana. Tukaingia mkahawa mdogo, mwenzetu mmoja akataka nyama, akaambiwa kwa upole kwamba leo ni Jumatano. Waumini wa Kiorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa: hawali nyama, maziwa wala mayai. Tukaletewa sinia moja la duara, limetandikwa injera, mkate laini wenye matundu madogo madogo unaotokana na nafaka ya tefu iliyochachushwa kwa siku kadhaa. Juu yake vilipangwa vifungu vya dengu nyekundu, dengu za manjano, kabichi, viazi, mboga za majani na shiro, mchuzi mzito wa unga wa mbegu za jamii ya kunde. Hakuna kijiko. Unachana kipande cha injera kwa mkono wa kulia, unakamata mboga, unakula. Uchachu wake unakushtua tonge la kwanza. Tonge la tatu umeshazoea.

Tulikuwa tunakula kwa adabu zetu za sinia, kila mtu upande wake, pale mzee wa meza ya jirani alipoinuka, akaja kwetu, akafinyanga tonge nono na kumnyooshea mhandisi wetu mdomoni. Rafiki yetu alitoa macho. Mzee akasubiri, mkono uko hewani. Mhudumu akatueleza kwamba hiyo inaitwa gursha, ni heshima, na hairudishwi. Basi akafungua mdomo. Mkahawa mzima ukacheka kwa furaha, na kabla hatujatoka, sote tulikuwa tumelishwa na tumelishana.

Mchana tulipanda tena hadi Sidist Kilo. Sehemu hii nawaomba msikilize kwa makini zaidi. Katikati ya mzunguko wa barabara pana mnara mrefu wa kumbukumbu, na jina lake ni tarehe: Yekatit 12. Kwa kalenda yetu ni tarehe 19 Februari 1937. Italia ilikuwa imeikalia Ethiopia kwa nguvu tangu 1936. Siku hiyo vijana walimrushia mabomu ya mkono Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitalia, akajeruhiwa, na kwa kulipiza kisasi maelfu ya wakazi wa Addis Ababa waliuawa ndani ya siku tatu. Kuta za mnara zimechongwa picha za mauaji yale. Hatukupiga picha za kujionyesha pale. Haifai.

Ng'ambo ya barabara ni Chuo Kikuu cha Addis Ababa, ambacho kampasi yake kuu ilikuwa kasri la Mfalme Haile Selassie kabla hajalitoa liwe la elimu. Ndani ya viwanja vyake kuna ngazi ya saruji inayopanda kwa kujizungusha na haifiki popote. Waitalia ndio walioijenga wakati wa ukaliaji, kila kipandio kikihesabu mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini tangu 1922. Walipofukuzwa mwaka 1941, Waethiopia hawakuivunja. Waliichukua sanamu ndogo ya simba, alama ya ufalme wao, wakaiketisha juu ya kipandio cha mwisho. Mwenzetu wa historia aliizunguka ngazi ile taratibu huku akitueleza habari za Adwa, ambako tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Mfalme Menelik II na mkewe Taytu Betul liliwashinda Waitalia, hata Afrika nzima ikapata habari kwamba jeshi la Ulaya linaweza kushindwa. Nimeona sanamu nyingi maishani. Sijaona jibu lililo bora kuliko simba yule.

Tukateremka hadi Piassa, kwenye uwanja wenye sanamu ya Menelik juu ya farasi, tukapanda treni ya mjini. Wakati huo ilikuwa mpya kabisa, njia yake ya kwanza ilikuwa imezinduliwa Septemba ile ile. Nauli ilikuwa birr 2, 4 au 6 kulingana na umbali. Inakwenda kwa umeme, mahali pengine chini ya ardhi, mahali pengine juu ya nguzo. Mhandisi wetu alisimama mlangoni njia nzima, uso umebandikwa kwenye kioo, anahesabu nguzo na kusema, "Na sisi tutajenga." Kwetu treni ya umeme ilianza kubeba abiria mwaka 2024, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na ninajua kuna mtu aliyeifurahia kuliko wengine wote.

Tulishuka Meskel, uwanja mkubwa wa wazi wenye ngazi pana, ambako wanariadha walikuwa wanapanda na kushuka bila dalili ya kuchoka. Kutoka hapo si mbali kwenda Africa Hall. Hatukuingia ndani, tulisimama nje. Katika jumba lile, tarehe 25 Mei 1963, wakuu wa nchi zaidi ya 30 walianzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwalimu Nyerere alikuwapo kwa niaba ya Tanganyika. Kenya na Zanzibar zilikuwa bado hazijapata uhuru. Zilingoja hadi Desemba mwaka ule. Mkutano ule ndio uliounda Kamati ya Ukombozi, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam, ili nchi zilizokuwa bado chini ya ukoloni zisaidiwe kupigania uhuru wao. Kwa hiyo Addis Ababa na Dar es Salaam ni miji iliyofanya kazi moja. Tangu wakati wetu mambo yameongezeka: Februari 2022 Umoja wa Afrika, mrithi wa umoja ule, uliridhia Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi, na Februari 2024 sanamu ya Mwalimu ilizinduliwa kwenye makao yake makuu mjini humo humo. Mkienda ninyi, mtamkuta.

Jioni iliingia na baridi yake. Karibu na tulikofikia, dada mmoja alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na kuketi kwenye kigoda, tukaomba kahawa. Kule kahawa haiji upesi. Kwanza aliosha buni mbichi, akazikaanga kwenye kikaango kidogo juu ya makaa hadi zikapata weusi na kung'aa kwa mafuta yake zenyewe, akatupitishia kikaango mmoja mmoja ili tuvute ule moshi. Kisha akatwanga, akachemsha kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo nyembamba, na pembeni akafukiza ubani. Humiminwa mara tatu, na kila mmiminiko una jina: abol, tona, bereka. Si adabu kuondoka kabla ya wa tatu. Tulikaa hapo hadi saa tatu usiku, kwa saa zao na zetu, kila mmoja akieleza alichokiona kwa jicho la somo lake, na wengine wakimbishia.

Sasa nimjibu mama mdogo. Dubai ni mji mzuri na sina ugomvi nao. Lakini kijana wa Kiafrika anayetoka nje mara ya kwanza aanze na mji wa Kiafrika, kwa sababu huko maswali yake yatajibiwa na watu wanaomhusu, kama wale wa Addis Ababa: wanaohesabu saa zilezile, walioonja kutawaliwa kwa nguvu kama sisi, waliokalia sinia lilelile. Miji hiyo ipo mingi. Nendeni Kigali, nendeni Maputo, nendeni Lusaka. Nendeni na rafiki waliosoma vitu tofauti na vyenu, wala msikimbilie kupiga picha kabla hamjauliza swali. Habari za viza ulizieni ubalozini mapema, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Na kama ni Addis Ababa mwezi wa Novemba, kila mmoja abebe sweta, maana usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10.